Uganda haina bahari, lakini umri wa miamba yake unapimwa baharini

Januari 1947, wataalamu wa mambo ya kale walikutana Nairobi katika kongamano la kwanza la bara zima la Afrika kuhusu historia ya kabla ya maandishi. Miongoni mwa mambo waliyokubaliana ni kalenda ya ardhi yetu. Zama za kale za Afrika Mashariki zingegawanywa kwa vipindi vikubwa vya mvua, na kila kipindi kingepewa jina la mahali ambapo dalili zake zilionekana. Kipindi cha kale kuliko vyote kilipewa jina la mto Kagera. Majina mengine yalitoka Kenya: Kamasia, Kanjera na pango la Gamble. Mzizi wa wazo hilo ulikuwa Entebbe, kwa E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya upimaji wa jiolojia ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1919. Haikupita miaka ishirini kalenda hiyo ikaanguka. Mwaka 1965, katika mkutano uliofanyika Burg Wartenstein, Austria, wanasayansi walipendekeza kwamba majina hayo yasitumike tena kuigawa historia. Kisa hicho kinastahili kukumbukwa Kampala leo, maana kinafundisha jambo ambalo bado hatujalitia maanani: mpaka wa wakati hausimami juu ya tukio linalojirudia. Unahitaji alama iliyotokea mara moja tu katika maisha ya dunia, na kwa sehemu kubwa ya historia ndefu ya maisha hayo, alama zinazoaminika zaidi zimeachwa na viumbe vya baharini. Kwa sababu hiyo nchi isiyo na pwani ina deni kwa elimu ya visukuku vya bahari, nayo ina kila sababu ya kuigharamia.

Kwanza tuone kwa nini kalenda ya mvua ilishindwa, kwani haikushindwa kwa uvivu wa walioitunga. Wayland alitembea kingo za maziwa na mito ya Uganda akakuta kokoto na michanga ya ufukweni ikiwa juu sana ya usawa wa maji ya siku zake. Akahitimisha kwamba zamani maji yalikuwa mengi kwa sababu mvua ilikuwa nyingi. Hitimisho hilo lina mantiki mahali ambapo ardhi imetulia, lakini ardhi ya magharibi mwa Uganda haikutulia. Kagera, Katonga na Kafu ilikuwa mito iliyotiririka kuelekea magharibi. Ukingo wa Bonde la Ufa ulipoinuka, njia yao ilizibwa, sehemu za Katonga na Kafu zikageuka na kutiririka mashariki, na maji yaliyokosa pa kwenda yakatanda tukapata Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga. Basi kokoto zilizo juu ya kilima zinaweza kuwa ushahidi wa ardhi iliyopanda, hata kama mvua haikuongezeka tone. Zaidi ya hayo, mvua huja, ikaenda, ikarudi. Kokoto za kipindi kimoja cha mvua zinafanana na za kingine, na hakuna chochote ndani yake kinachosema ni cha kwanza au cha tatu. Zana za mawe zilizodhaniwa kuwa ushahidi wa ziada nazo hazikusaidia: mwaka 1959 mwanajiolojia W. W. Bishop alionyesha kwamba kokoto za mto Kafu, zilizohesabiwa kuwa kazi ya mikono ya watu wa kale, zingeweza kupasuka hivyo kwa nguvu za asili tu. Aliyoyaona Wayland kwa macho yake bado yana thamani. Alichokosea ni kuchagua alama.

Alama inayofaa ina sifa tatu: haijirudii, imeenea mbali, na imehifadhiwa katika matabaka yasiyokatika. Spishi ya kiumbe inatimiza sifa ya kwanza kwa ukamilifu, kwa kuwa huzuka mara moja na ikishatoweka hairudi. Bahari inatimiza mbili zilizobaki. Viumbe vidogo vinavyoelea juu ya maji huchukuliwa na mikondo hadi pande nyingi za dunia kwa muda ambao, kwa hesabu za jiolojia, ni mfupi mno. Vikifa huzama na kufunikwa na matope yanayotua polepole, tabaka juu ya tabaka, mahali ambapo hakuna mto wa kuyachimbua wala jua la kuyakausha. Nchi kavu haina utulivu huo; mifupa huliwa, hubebwa na mafuriko, na mmomonyoko hufuta kurasa nyingi za kumbukumbu. Foraminifera ndio mfano mzuri zaidi. Ni viumbe vya seli moja, wengi wao hawazidi ukubwa wa chembe ya mchanga, nao hujijengea magamba ya chokaa yenye maumbo ambayo mtaalamu huyatambua kwa darubini. Mmoja wao, Hantkenina, alikuwa na miiba kwenye vyumba vya gamba lake. Alitoweka miaka milioni 33.9 iliyopita, na tabaka la kutoweka kwake katika machimbo ya Massignano, karibu na Ancona nchini Italia, ndilo lililochaguliwa mwaka 1992 kuwa mpaka rasmi kati ya kipindi cha Eosini na cha Oligosini.

Utaratibu huo ulianza mwaka 1972, mpaka kati ya kipindi cha Siluri na cha Devoni ulipowekwa Klonk, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia, kwa kufuata visukuku vya graptolaiti, viumbe vya baharini vilivyotoweka zamani. Tangu hapo kila mpaka unaopendekezwa hujadiliwa, hupigiwa kura, kisha huidhinishwa na Muungano wa Kimataifa wa Sayansi za Jiolojia. Wanajiolojia huita pointi kama hiyo msumari wa dhahabu, hata pale ambapo hakuna msumari uliogongwa. Faida yake kubwa ni kwamba inatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani mpaka wenyewe na hesabu ya miaka yake. Mwenye kiwanja cha mailo hapa Buganda anajua tofauti hiyo: jiwe la mpaka likishakubaliwa na majirani, mpimaji anaweza kuja na chombo kipya na kusahihisha urefu wa ua kwa sentimita kadhaa, lakini jiwe halihami. Mpaka wa Permi na Triasi uliowekwa Meishan, China, mwaka 2001, pale konodonti (mnyama mdogo wa baharini aliyetoweka zamani) aitwaye Hindeodus parvus anapoonekana kwa mara ya kwanza, umepimwa tena na tena. Leo umri wake unatajwa kuwa karibu miaka milioni 251.9. Vipimo vikiboreshwa kesho, namba itabadilika, na kila mtu ataendelea kujua ni tabaka gani linalozungumziwa.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi? Tazama yanayosemwa kuhusu miamba ya Uganda. Entebbe, Bugiri na kisiwa cha Dagusi katika Ziwa Viktoria kuna mabaki machache ya matabaka ya Karoo, yaliyotua kwenye nchi kavu na kwenye maji baridi, nayo huwekwa katika zama za Permi kwa masalia ya mimea. Hayana hata gamba moja la baharini, lakini jina Permi linafungwa na konodonti wa Meishan. Napak na Moroto, Karamoja, zimetoa mifupa ya sokwe wa kale, na kila kitabu husema ni ya Miosini ya mwanzo. Mwanzo wa Miosini umewekwa tangu 1996 katika matope ya bahari ya kale huko Lemme-Carrosio, Italia, miaka milioni 23 iliyopita. Huko Kaiso, kando ya Ziwa Albert, kuna konokono na mifupa ya wanyama ambayo watafiti wameyapanga kwa muda mrefu kati ya Pliosini na Pleistosini. Mpaka wa vipindi hivyo ulikuwa Vrica, kusini mwa Italia, kwa umri wa takriban miaka milioni 1.8, mwaka 2009 ukashushwa hadi miaka milioni 2.58, kwa kufuata tabaka la Monte San Nicola huko Sisilia. Kwa uamuzi huo, matabaka yote ya Afrika Mashariki yenye umri ulio kati ya namba hizo mbili yaliacha kuwa ya Pliosini na yakawa ya Pleistosini, bila jiwe hata moja kusogezwa Kaiso wala Turkana. Nchi inayotumia kipimo bila kuwa na watu wanaokielewa hubaki kupokea maamuzi ya wengine.

Wala hatuhitaji kwenda Italia kuiona kazi hii ikifanyika. Kusini mwa pwani ya Tanzania, katika wilaya za Kilwa na Lindi, kuna udongo wa mfinyanzi mzito uliotua chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita na sasa uko nchi kavu. Kuanzia mwaka 2002, mradi wa uchimbaji ulioongozwa na Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ulitoboa ardhi hiyo kwa keekee na kutoa nguzo ndefu za mwamba. Miongoni mwa wataalamu wake alikuwa Joyce Singano wa shirika hilo, ambaye ujuzi wake ni visukuku vidogo. Kwa kuwa mfinyanzi hauruhusu maji kupenya kirahisi, magamba ya foraminifera yamebaki angavu, na kemikali za bahari ya wakati ule zingali ndani yake. Katika nguzo zilizotolewa karibu na Stakishari, watafiti waliufuata mpaka wa Eosini na Oligosini tabaka kwa tabaka. Waliona kundi la Turborotalia cerroazulensis likitoweka kwanza, kisha Hantkenina wakifuata, na hayo yote yakitokea katikati ya hatua mbili kubwa za kupoa kwa dunia. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, waliweza pia kuona kwamba viumbe vikubwa vya maji ya kina kifupi vilikufa karibu na wakati huohuo, jambo ambalo si rahisi kuthibitishwa mahali ambapo visukuku vya aina zote mbili havikukaa pamoja. Mwaka uliofuata, boroni iliyokuwa ndani ya magamba hayohayo ilitumika kukadiria kaboni dioksaidi iliyokuwa hewani wakati barafu ilipoanza kuifunika Antaktika. Ushahidi wa jinsi hewa inavyoamua barafu ya dunia ulitoka kwenye udongo wa Waswahili wa kusini.

Zipo hoja za kupinga, na zinastahili majibu ya kweli. Ya kwanza ni kwamba tuna volkano. Majivu na lava za Karamoja hupimwa kwa potasiamu na argoni, zikatoa miaka moja kwa moja. Visukuku vya bahari ni vya nini tena? Moroto yenyewe inatoa jibu. Vipimo vya miaka ya 1960 viliipa lava yake umri usiofika miaka milioni 15. Mwaka 1997, sokwe wa huko alipopewa jina la Morotopithecus bishopi na kundi la watafiti lililomjumuisha Robert Kityo wa Makerere, vipimo vipya vilisema lava hiyo ina zaidi ya miaka milioni 20. Watafiti wengine, wakiangalia aina za wanyama waliokuwepo, walishikilia kwamba mahali hapo ni pa karibu miaka milioni 17. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2023 zinasimama kwenye miaka milioni 21. Hakuna aibu katika mabadiliko hayo, maana sayansi husahihishwa kwa kupima upya. Lakini hebu tufikirie kama mwanzo wa Miosini ungekuwa umefungwa kwenye lava ya aina hiyo: kila kipimo kipya kingezua mabishano kuhusu maana ya jina lenyewe. Argoni hutupatia namba. Kuipa namba hiyo mahali pake katika mfuatano wa dunia nzima ni kazi ya mpaka, na mpaka unahitaji tabaka lisilokatika lenye alama isiyojirudia.

Hoja ya pili ni ya kitaalamu zaidi, na mimi naiona kuwa nzito kuliko zote. Spishi haifiki kila mahali siku moja, wala haifi kila mahali siku moja. Inaweza kutoweka kwenye maji ya baridi na kudumu muda fulani kwenye maji ya joto. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu mpaka rasmi ni pointi moja katika mwamba mmoja, huku kisukuku kikiwa shahidi wa kwanza wa kuufuatilia kwingine. Shahidi huyo husikilizwa pamoja na wengine: mabadiliko ya sumaku ya dunia, isotopu za oksijeni na kaboni, na majivu ya volkano. Afrika Mashariki imetoa mmoja wa mashahidi hao. Lava ya Olduvai, Tanzania, ilipochunguzwa miaka ya 1960, ilionekana kuwa na mwelekeo wa sumaku uliotofautiana na wa muda mrefu uliokuwa kabla na baada yake. Kipande hicho cha wakati kikaitwa Olduvai ulimwenguni kote, na mpaka wa Vrica ulipoidhinishwa mwaka 1985, uliwekwa karibu na mwisho wa kipande hicho. Matope ya bahari ya Italia yalisomwa kwa msaada wa jiwe la Serengeti. Tatizo la spishi kuchelewa au kuwahi linatibiwa kwa kuongeza mashahidi, kama kazi ya Kilwa inavyoonyesha, na kuongeza mashahidi kunahitaji wataalamu waliopo karibu na miamba.

Wengine watauliza: kama mvua si alama ya kuaminika, mbona mwaka 2018 hatua ya mwisho ya Holosini ilipewa jina la Meghalaya, jimbo la India, kwa kufuata dalili za ukame katika chokaa ya pangoni? Swali ni la haki. Hatua hiyo ilianza kama miaka 4,200 iliyopita, muda mfupi mno kwa spishi kuzuka na kufa kwa wingi, kwa hiyo visukuku havina msaada mkubwa hapo. Badala yake chokaa ile hukua tabaka kwa tabaka na hupimwa kwa urani kwa usahihi mkubwa, na mpaka umewekwa kwenye pointi moja ndani ya kipande kimoja. Kalenda ya Kagera haikuwa na pointi wala kipimo. Ilihesabu mvua kwa kutazama vilima ambavyo vyenyewe vilikuwa vikipanda. Nakubali kwamba nguvu ya visukuku ina kikomo katika miaka elfu chache ya karibuni. Katika mamia ya mamilioni ya miaka yaliyotangulia, bado hatujapata alama ya kuvishinda.

Hoja ya tatu inagusa heshima yetu. Majina mengi ya hatua za kijiolojia ni ya vijiji na mito ya Ulaya, na mtu anaweza kusema kwamba huu ni ukoloni uliohamia kwenye mawe. Historia ya majina hayo ni kweli ya Ulaya, kwa sababu huko ndiko elimu hii ilikopangwa kwanza. Hata hivyo kanuni ya leo haiulizi pasipoti ya mwamba. China imepata zaidi ya mipaka kumi kwa kusomesha watu wake, kufungua machimbo yake kwa wageni na kuyalinda. Afrika Kaskazini nayo imo: mwanzo wa Paleosini uko El Kef, Tunisia, mwanzo wa Eosini uko Dababiya, Misri, na hatua ya Giveti ya zama za Devoni inaanzia Morocco. Sisi wa kusini mwa Sahara tutaingia kwa njia hiyohiyo ya kuwa na matabaka yaliyochunguzwa vizuri na watu wa kuyatetea kwenye kura. Kalenda ya Kagera ilikuwa ya kwetu kwa jina, na heshima hiyo haikuizuia kuanguka.

Mwisho ni suala la fedha. Nchi yenye shule zisizo na madawati, watasema, haiwezi kulipia darubini za kutazama chembe za chokaa. Lakini Uganda tayari imeingia katika biashara inayotegemea elimu hii. Tangu mafuta ya kiasi cha kibiashara yagunduliwe mwaka 2006 katika bonde la Ziwa Albert, umri wa matabaka ya huko umekuwa suala la uchumi, maana ni lazima kujua ni tabaka gani la kisima kimoja linalolingana na la kisima kingine. Keekee husaga mfupa wa kiboko ukawa unga, ila visukuku vidogo hupanda na vipande vya mwamba vikiwa vizima. Katika bonde letu vidogo hivyo ni chavua na wakazi wa ziwa, na anayevisoma hujifunza kanuni zilezile zinazotumika kwa foraminifera. Bila kuviunganisha na mfuatano wa bahari, hubaki kalenda ya ziwa moja tu. Bomba la mafuta ghafi limepangwa kwenda kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Elimu ya miamba inaweza kusafiri njia hiyohiyo kwa gharama ndogo zaidi.

Ninachopendekeza kinawezekana. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake hapa Kampala. Liwakutanishe Makerere, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na shirika la petroli la Tanzania waanzishe shahada ya pamoja ya visukuku vidogo, wanafunzi wa Uganda wafanye mazoezi Kilwa na wa Tanzania waje Kaiso na Napak. Serikali ihakikishe kwamba vipande na nguzo za mwamba kutoka kila kisima cha mafuta vinahifadhiwa nchini na kufunguliwa kwa watafiti baada ya muda wa siri kwisha, kwa sababu mwamba uliotupwa hauwezi kupimwa upya. Makumbusho ya Uganda yawaeleze wanafunzi, kando ya mifupa ya Karamoja, neno Miosini limetoka wapi na mpaka wake umewekwa na nini. Miaka ya 1940 tulipewa kalenda iliyotungwa na wachache na kupitishwa haraka, ikaanguka kwa kukosa alama ya kudumu. Sasa alama zinajulikana, mahali pa kuzisomea pako umbali wa safari ya basi, na vijana wa kuzisoma wapo Makerere. Kilichobaki ni bajeti na uamuzi, na vyote viwili viko mikononi mwetu.